Pampu ya Lita Elfu Moja

Pampu iliyoandikwa lita 1000 kwa saa haisukumi lita 1000 kwa saa. Huu si utangulizi mtamu, najua, lakini ndani yake mna somo ambalo vijana wa klabu ya sayansi niliyokuwa mlezi wake, katika shule moja ya sekondari ya Dar es Salaam, walilibeba kuliko yote yaliyokuwa kwenye mtaala wao mwaka ule.

Mimi si mwalimu wa darasani. Ni fundi sanifu wa maabara, yule anayeosha vyombo vya kioo, anayeandaa tindikali alfajiri kabla wanafunzi hawajaingia, na ambaye jina lake halimo kwenye ratiba ya vipindi. Wanafunzi huniita mwalimu kwa heshima tu. Walipokuja na wazo la kujenga bustani ya haidroponiki, yaani kilimo bila udongo, kwa ajili ya maonyesho ya sayansi, mwalimu wa biolojia aliwaleta kwangu. Kazi yenyewe ilikuwa na mabomba, umeme na kemikali, na kwa desturi ya shule zetu vitu hivyo ni vya maabara.

Mchoro walikuwa nao tayari. Mabomba manne ya PVC ya inchi 4 yamelazwa juu ya fremu ya mbao, yameinama kidogo upande mmoja. Juu ya kila bomba yapo matundu ya kukalishia vikombe vya miche. Chini kuna pipa la maji yenye mbolea, na ndani ya pipa, pampu. Maji yanapanda, yanapita chini ya mizizi yakiwa utando mwembamba, yanarudi pipani, yanapanda tena. Mtindo huo ulitokana na kazi ya Allen Cooper, mtafiti wa taasisi ya mazao ya nyumba za vioo iliyokuwa Littlehampton, kusini mwa Uingereza, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Uzuri wa ule utando ni kwamba mizizi inapata maji kwa chini na hewa kwa juu kwa wakati mmoja, jambo ambalo mizizi iliyozama yote kwenye maji yaliyotuama hailipati. Hilo vijana walilielewa vizuri. Hawakuwa wamejiuliza Littlehampton kuna joto gani, wala umeme wake hukatika mara ngapi.

Haraka yao ilikuwa kuunganisha kila kitu, kupanda saladi na kupiga picha. Nikawaambia hatuungi chochote na chochote mpaka kila kimoja kipimwe peke yake. Wakaguna. Binti mmoja wa kidato cha tatu, mwepesi wa kusema, ambaye baadaye ndiye aliyekabidhiwa daftari la vipimo, akauliza, "Mwalimu, si tukiwasha tutaona tu kama inafanya kazi?"

Utaona kama inafanya kazi. Hutaona kwa nini haifanyi. Saladi ikinyauka kwenye mfumo uliokwisha kuungwa, sababu inaweza kuwa pampu, maji, mbolea, joto, mwanga uliopenya bombani, au mche wenyewe uliokatika mizizi wakati wa kupandikizwa. Utabadilisha pampu kumbe ugonjwa uko kwenye maji, utabadilisha maji kumbe ni joto, na kila badiliko linakula wiki na hela.

Tukaanza na pampu. Ilikuwa ndogo, ya aina ya matangi ya samaki wa mapambo, imenunuliwa Kariakoo, na ubavuni ina karatasi: lita 1000 kwa saa, na chini yake, H.max mita 2. Tukaizamisha kwenye beseni la maji, mpira wake tukauelekeza kwenye ndoo ya lita 10 ambayo mdomo wake ulikuwa usawa mmoja na maji ya beseni. Mmoja alishika saa ya simu, mmoja akachungulia ndoo, mmoja akaandika. Ndoo ilijaa kwa sekunde 40 hivi. Wakapiga hesabu: lita 15 kwa dakika, lita 900 kwa saa. Pungufu kidogo ya ilivyoandikwa, si haba. Wakafurahi.

Kisha nikawaambia wapandishe ndoo juu ya meza, na chini ya ndoo waweke stuli, mpaka mdomo wa ule mpira ufike kimo cha mabomba kwenye mchoro wao, mita 1.4 kutoka kwenye maji. Pampu ikaguruma vilevile. Mpira ukatetemeka vilevile. Lakini maji yaliyotoka yalikuwa membamba, yakidondoka karibu na mdomo bila kuruka, na ndoo ileile ikachukua dakika 2 nzima kujaa. Lita 5 kwa dakika, theluthi ya kile walichokuwa wamekishangilia.

"Mwalimu, pampu imechoka?" akauliza mdogo wao wa kidato cha pili.

Wakairudisha ndoo chini: sekunde 40. Wakaipandisha: dakika 2. Haikuwa imechoka. Ndipo tukaisoma ile karatasi upya. Lita 1000 ni pale pampu isiponyanyua maji hata kidogo. Mita 2 ni pale inaponyanyua maji mpaka yasitoke hata tone. Namba hizo mbili ni ncha mbili za mstari mmoja, na hakuna bustani inayokaa kwenye ncha. Vijana walizisoma kana kwamba zinakwenda pamoja, lita 1000 mpaka mita 2, na muuzaji hakuwa na sababu ya kuwasahihisha. Siwalaumu. Nimeona watu wazima wakinunua pampu za visima kwa usomaji huohuo, na huko hela inayopotea si ya mchezo.

Kwa mtindo wa Cooper, kila bomba linahitaji kama lita 1 hadi 2 kwa dakika. Mabomba manne kwa lita 5, inatosha, kwa kubana. Lakini hapo maji ni safi na umeme umeshiba. Tukaifunga pampu ndani ya soksi kuukuu iwe chujio, tukamwaga kwenye beseni kiganja cha vumbi la makumbi kama litakavyodondoka kutoka kwenye vikombe vya miche, tukaiacha izunguke. Mtiririko ukashuka chini ya lita 3. Tukarudia jioni, saa ambazo mtaa mzima unapiga pasi na kuwasha mafeni na taa zinafifia, ukashuka tena. Sasa walikuwa na jibu la swali ambalo karatasi ya kiwandani hailijibu kamwe: pampu hii, kwenye maji yetu, kwa umeme wetu, kwa kimo chetu, inatoa nini?

Wazo lililowajia lilikuwa kununua pampu kubwa. Nikawapeleka mtaa wa Gerezani kwa fundi mmoja mzee anayefufua pampu ambazo wenyewe wamezikatia tamaa. "Shikamoo, mzee," wakamwamkia kwa pamoja. "Marahaba, wanangu," akaitikia bila kunyanyua macho kutoka kwenye mota aliyokuwa akiisuka. Akasikiliza maelezo yote, lita, mita, soksi na makumbi. Kisha akauliza jambo ambalo halikuwamo kwenye daftari.

"Hayo mabomba mmeyaweka juu hivyo ili iweje?"

Wakatazamana. Yaliwekwa juu kwa sababu kwenye picha waliyoiiga yalikuwa juu.

"Shusheni meza," fundi akasema. "Pampu mnayo."

Tukashusha. Kwa mita 0.8, pampu ileile ilitoa lita 9 hivi kwa dakika. Hatukununua kitu.

Sasa nifike kwenye lile daftari, maana ndilo lililonifanya niandike haya. Siku moja nililipitia nikakuta jedwali la mtiririko wa mabomba yote manne, kila bomba limepimwa mara tatu, na kila kipimo ni 2.0. Hakuna 1.9, hakuna 2.2. Lilikuwa jedwali safi kuliko yote, limepigwa mistari kwa rula na kichwa cha habari kwa kalamu nyekundu. Maji hayajui kutiririka hivyo. Nikauliza nani alipima. Wote walipima. Nikasema twendeni tukapime tena nikiwapo, na bomba la nne likatoa 1.4, kwa sababu lilikuwa la mwisho kwenye mgawanyo na mpira wake ulikuwa mrefu kuliko wenzake.

Yule binti akasema kwa sauti ya chini, "Tulirekebisha kidogo, mwalimu. Ili lipendeze."

Sikukasirika, kwa kuwa najua walikojifunzia. Tabia hiyo ina jina tangu sekondari hadi chuo kikuu: kupika data. Nimeandaa mitihani ya vitendo miaka mingi, na ukiwa upande wa ndani wa dirisha la stoo ya maabara unaona mambo. Kwenye titresheni, jibu linajulikana kabla mtahiniwa hajaingia, kwa kuwa sisi ndio tuliochanganya ule myeyusho. Anayeandika alichokiona kwenye bureti yake, hata kama mkono wake ulitetemeka akapitiliza, anapoteza alama. Anayechungulia kwa jirani na kuandika namba iliyo karibu na ya wengi, anapata. Mtoto akifanyiwa hivyo miaka minne ataamini kwamba kazi ya kipimo ni kukubaliana na jibu lililopo. Na kwa mtihani hajakosea. Ndivyo ulivyo.

Shida ni kwamba kifaa cha majaribio hakina jibu lililopo. Hakuna aliyejua bomba la nne litatoa nini, si mimi, si mwalimu wa biolojia, si Cooper. Ile 1.4 ndiyo iliyokuwa namba ya thamani kuliko zote kwenye daftari. Bila hiyo, miche ya bomba la nne ingedumaa, nasi tungelaumu mbegu. Kwa kuwa tuliijua, tulifunga koki ndogo kwenye kila mpira, tukabana matatu ya kwanza mpaka la nne likapata haki yake.

Tangu siku hiyo daftari likabadilishwa. Kila ukurasa ulikuwa na safu mbili. Ya kwanza unaandika unachotarajia, kabla hujawasha chochote. Ya pili unaandika ulichokiona. Kalamu ni ya wino, kufuta hakuna, ukikosea unakata kwa mstari mmoja ili cha chini kisomeke. Mwanzoni waliona aibu safu zilipotofautiana. Baadaye wakaanza kuzitafuta tofauti hizo, kwa sababu waligundua kwamba pale safu mbili zinapolingana hakuna la kufanya kesho yake, na pale zinapoachana ndipo penye kazi.

Vipimo vingine nivipitie upesi, ingawa kila kimoja kilikuwa na vituko vyake.

Bomba lenyewe lilipimwa kwa tochi ya simu. Tulizima taa za maabara, tukafunga mapazia, tukasukuma simu inayowaka ndani ya bomba jeupe la bei nafuu, na bomba zima likang'aa kama kandili. Mwanga ukiingia kwenye maji yenye mbolea, mwani unaota, unakula chakula cha mimea na kuziba njia. Likapakwa rangi nyeusi, kisha nyeupe juu yake ili lisinyonye jua, tukapitisha tochi tena hadi giza likawa giza.

Kalamu za kupimia pH zilikuwa mbili. Kwenye glasi moja ya maji, moja ilisoma 6.1 na nyingine 6.9. Saladi inataka kati ya 5.5 na 6.5 hivi, kwa hiyo kwa kalamu moja tuko salama na kwa nyingine tumepotea. Ukiwa na saa moja ya mkononi unajua saa. Ukiwa na mbili, lazima utafute ya tatu. Ya tatu yetu ilikuwa vile vipakiti vya unga vinavyouzwa pamoja nazo, unavyoyeyusha kwenye maji yaliyochujwa kwa mvuke na kupata pH 4.01 na 6.86. Kalamu moja ilikubali kurekebishwa. Nyingine kioo chake kilikuwa kimekaa kikavu muda mrefu, ikawa inasoma inavyotaka. Tukaiandikia "IMEKUFA" kwa maka tukaitundika ukutani, kwa kuwa kifaa kibovu kisichotambulishwa kina tabia ya kurudi mezani.

Makumbi ya kujazia vikombe vya miche yalileta ubishi. Kijana mmoja aliyatoa kwa bibi yake Unguja, kusini, ambako akina mama hufukia makumbi kwenye mchanga wa pwani kwa miezi, maji ya bahari yakiyaozesha, kisha huyatwanga kupata usumba wa kusokotea kamba. Yalikuwa laini, mazuri kwa macho. Tukayaloweka kwenye maji ya mvua, tukayakamua, tukachovya mita ya EC, ile inayopima chumvi kwa jinsi maji yanavyopitisha umeme, na namba ikapanda hadi tukadhani mita imeharibika. Bahari ilikuwa bado imo humo. Tukayasuuza tena na tena kabla hayajafaa. Yule kijana alinuna kwa niaba ya bibi yake.

Maji ya kisima cha shule nayo tuliyapima kama kifaa kingine chochote. Sehemu kubwa ya pwani ya Dar es Salaam bahari imeingia kwenye maji ya ardhini, na watu hunywa chai yenye chumvi wakazoea. Kabla ya punje moja ya mbolea kuingia, kisima chetu kilisoma EC 2.3. Saladi hulishwa kwenye 1.2 hadi 1.8 hivi, na hiyo ikiwa ni chumvi za chakula. Maana yake, maji yetu yalikuwa yameshajaa kabla ya kupewa kitu. Tukaamua kutumia maji ya mvua tuliyoyakinga kwenye tangi, na ya bomba pale yalipotoka.

Kuhusu mbolea, vijana walikuwa wanashangaa kwa nini inauzwa chupa mbili, A na B. Wakadhani ni ujanja wa biashara. Badala ya kuwaeleza, niliweka bika mbili mezani, moja ya kalisi naitreti iliyoyeyushwa kwa wingi, nyingine ya chumvi ya Epsom, zote angavu kama maji ya kunywa, nikamwambia yule wa kidato cha pili azimimine pamoja. Punde zikageuka maziwa, na chini kukatulia unga mweupe. Kalisi imekutana na salfeti ikawa jipsamu, ileile ya kwenye dari za nyumba, na mzizi haulambi dari. Zikikutana ndani ya pipa la maji mengi hazina ugomvi. Hakuna aliyeuliza tena habari ya chupa mbili.

Jaribio lililowauma ni lile la umeme. Ilikuwa 2023, mwaka ambao mgao ulirudi, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere haujaanza kuzalisha mapema 2024. Kwa hiyo swali halikuwa kama umeme utakatika, bali saa ngapi. Nikawaambia tutachagua bomba moja lenye miche iliyoshika vizuri, tutazima pampu saa sita mchana, jua likiwa utosini, na tutakaa tuangalie.

"Tunaiua makusudi?" akauliza binti wa daftari. Miche hiyo ndiyo waliyoiotesha wenyewe kwenye vipande vya sponji ya godoro, wakaimwagilia kwa sindano za hospitali zisizo na ncha. Walikuwa wameanza kuipa majina.

Tukazima. Ndani ya dakika chache bomba lilikuwa halina maji isipokuwa unyevu wa chini. Kwenye safu ya matarajio mmoja alikuwa ameandika kwamba itavumilia mpaka jioni, mwingine mpaka saa tisa. Saa saba majani ya nje yalianza kulegea. Kabla ya saa nane miche ilikuwa imelala kifudifudi juu ya bomba jeupe. Tulipowasha, baadhi iliinuka jioni, mingine haikuinuka tena.

Hapo ndipo Littlehampton ilipodaiwa majibu. Ule utando mwembamba ni mzuri mahali ambapo pampu haisimami na jua ni la upole. Hauna akiba. Vijana wakakaa chini na kalamu, na suluhisho lilitoka kwao, si kwangu: kwenye ncha ya chini ya kila bomba wakaweka kizibo ambacho tundu lake la kutolea maji halipo chini kabisa, liko juu kidogo, ili pampu ikizima pabaki dimbwi la sentimita 2. Haukuwa tena mtindo safi wa Cooper, na mwalimu mmoja aliyepita alisema wameharibu kanuni. Lakini tuliporudia jaribio, tukazima saa nne asubuhi na kuwasha saa kumi jioni, hakuna mche uliolala.

Dimbwi nalo lilileta hesabu yake. Maji ya nyuzi joto 20 yanabeba oksijeni kama miligramu 9 kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hayabebi zaidi ya 7 na nusu hivi, na mizizi kwenye joto inahitaji zaidi, wala si pungufu. Pipa letu jeusi lililokaa juani lilisoma nyuzi 36 saa tisa alasiri. Maji ya namna hiyo huozesha mizizi, inakuwa ya kahawia na kuteleza kama bamia. Tukalihamishia chini ya mwarobaini, tukalizika nusu ardhini, likashuka hadi 30. Na kwa kuwa yalikuwa maji yaliyotulia kwenye jiji ambalo lilipata mlipuko wa homa ya dengi 2014 na tena 2019, tuliangalia viluwiluwi wa mbu. Walikuwapo. Kipande cha chandarua na mpira wa kufungia mdomo wa pipa vikamaliza kazi hiyo.

Katikati ya yote haya, yule mdogo wa kidato cha pili aliuliza kwa nini basi tusiache pampu kabisa. Si swali la kitoto. Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii alikwisha kuonyesha njia isiyo na pampu wala umeme: unajaza chombo, unapanda, maji yanashuka taratibu kadiri mmea unavyokunywa, na mizizi inayobaki juu inapata hewa yake. Tukaweka ndoo moja ya namna hiyo pembeni, tukaifunika isione mwanga. Saladi yake ilikua sawa na ya mabomba, na tukaandika hivyo kwenye daftari, ingawa iliufanya mtambo wetu wote uonekane wa anasa. Wakubwa wa klabu hawakupenda. Mimi niliona kwamba daftari sasa limeiva.

Kwenye maonyesho, banda letu halikuvutia sana. Pembeni kulikuwa na mashine zenye taa za rangi. Jaji mmoja alisimama, akatazama saladi, akauliza lile swali ambalo kila Mtanzania angeuliza: umeme ukikatika je? Binti hakutazama saladi. Alifungua daftari, akamwonyesha ukurasa wa miche iliyolala, kisha ukurasa wa kizibo, saa nne hadi saa kumi. Jaji akasoma safu zote mbili, akauliza kwa nini kwenye ukurasa mmoja kuna namba zimekatwa kwa mstari. "Hizo tulizipika," binti akajibu, "tukapima upya." Hawakupata zawadi. Jaji aliomba apige picha ya ukurasa ule.

Nimeona tangu hapo shule kadhaa zikinunua mitambo kamili ya haidroponiki, imekuja kwenye maboksi, inaungwa kwa asubuhi moja na picha inakwenda kwenye kalenda ya shule. Muhula wa pili mara nyingi mabomba yamekauka na hakuna anayeweza kusema ni nini kilichoanza kufa. Wakuu wa shule, naomba jambo dogo: kwenye bajeti ya klabu wekeni pampu mbili, moja ya bustani na moja ya kuharibiwa. Wazazi na majaji, mkiitwa kutazama kazi ya watoto, ombeni daftari kabla ya kuombwa mwonje saladi, na mkikuta kila kipimo ni 2.0, waambieni wapime tena mkiwapo. Na wewe unayetaka kuanza nyumbani, nunua ndoo ya lita 10 yenye alama kabla hujanunua pampu.